Shampuu, kondishena au maji matupu: kichwa chako kinahitaji nini hasa?

Swali hili naulizwa mara nyingi mtu akiwa amelaza kichwa kwenye sinki la kuoshea, macho yanaangalia dari: "Dada, hivi shampuu na kondishena ni lazima kweli, au tunauziwa tu?" Sijibu mpaka nimepitisha vidole. Nagusa ngozi ya kichwa kwanza, halafu nashika ncha za nywele. Mara nyingi sehemu hizo mbili zinasema mambo tofauti. Ngozini vidole vinateleza kwa mafuta, huku nchani nywele zimekauka kama nyuzi za ufagio. Kichwa ni kimoja, shida ni mbili.

Kwa hiyo jibu langu huanza kwa kuligawa swali. Shampuu ni ya ngozi. Kondishena ni ya unywele. Kwa kuwa chupa zake hukaa pamoja rafuni kama pacha, rangi moja na harufu moja, tumezoea kudhani anayehitaji hii lazima ahitaji na ile. Sivyo. Nimeosha vichwa vilivyohitaji shampuu tu, vingine vilihitaji kondishena kuliko shampuu, na vichache havikuhitaji hata moja kati ya hizo.

Kilicho hai na kisicho hai

Unywele unaouona kwenye kioo hauna uhai. Ni protini iitwayo keratini, imefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani. Ukitaka kuyahisi magamba hayo, chukua unywele mmoja mrefu uliodondoka, uupitishe katikati ya vidole viwili kutoka kwenye mzizi kwenda nchani. Unateleza. Sasa rudi kinyume, kutoka nchani kwenda kwenye mzizi. Utasikia unakwaruza kidogo, kama mtu anayepapasa samaki kinyume cha magamba yake.

Nywele hukua kama sentimita 1 hivi kwa mwezi. Maana yake, kama zako zina urefu wa sentimita 30, ncha zake zina umri wa karibu miaka 2 na nusu. Muda wote huo zimechanwa, zimesuguana na mto, zimepigwa jua, pengine zimepakwa rangi na kupitishwa pasi ya moto. Na kwa kuwa hazina uhai, hazijiponyi. Kidonda cha ngozi hufunga chenyewe, lakini gamba la unywele likishabanduka ndiyo limekwenda. Ukisoma kwenye chupa kwamba dawa fulani "inalisha" nywele, jua hayo ni maneno ya kuuzia. Unachoweza kuufanyia unywele ni kuusafisha, kuulainisha na kuukinga usichakae haraka. Basi.

Ngozi ya kichwa ni jambo jingine kabisa. Hiyo iko hai. Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000, na matundu ya nywele hizo yana tezi za mafuta pembeni yake. Mafuta hutoka usiku na mchana, yanachanganyika na jasho, vumbi, seli za ngozi zilizokufa na chochote ulichopaka. Wapo pia fangasi wadogo mno wa jamii ya Malassezia, wanaoishi kwenye ngozi zetu sote, na chakula chao ni mafuta hayohayo.

Halafu kuna suala la umbo. Kwenye nywele za singa, mafuta yanashuka kutoka ngozini hadi nchani bila kizuizi, ndiyo maana mwenye nywele hizo huona zimelala na kushikana baada ya siku moja au mbili. Kwenye nywele za kipilipili, kila kizingo ni kikwazo. Mafuta yanabaki ngozini na ncha hazipati kitu. Tezi zinaweza kuwa zinafanya kazi sawasawa kwa watu wote wawili, lakini mmoja analalamikia mafuta na mwenzake analalamikia ukavu. Ushauri wowote wa nywele usiouliza umbo la nywele zako, uupokee kwa tahadhari.

Maji matupu dhidi ya shampuu

Wapo wanaoosha kwa maji tu na wanafurahia. Siwapingi moja kwa moja, kwa sababu maji yanafanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Chumvi ya jasho inayeyuka kwenye maji. Vumbi linaondoka. Ukisugua ngozi kwa ncha za vidole, bila kucha, unabandua pia sehemu ya seli zilizokufa na kusogeza mafuta kwenda kwenye nywele, ambako angalau yanafaa.

Kisichowezekana ni maji kuondoa mafuta. Shampuu ina viambato ambavyo upande mmoja wa chembe yake unapenda maji na upande wa pili unapenda mafuta. Chembe hizo zinazingira tone la mafuta, mikia inayopenda mafuta ikiwa ndani na vichwa vinavyopenda maji vikiwa nje, kisha maji yanalibeba tone zima na kwenda nalo. Maji peke yake hayana mkono huo wa pili.

Maneno ninayosikia zaidi kutoka kwa watu wa maji matupu ni kwamba ukivumilia wiki kadhaa, ngozi "inajifunza" kutoa mafuta kidogo. Hapa nasema bila kuzunguka: tezi za mafuta zinaongozwa na homoni, hazina habari na ratiba yako ya kuosha. Ndiyo maana mtoto mdogo ana kichwa kikavu, akifika balehe mafuta yanaanza, na uzeeni yanapungua tena. Kinachobadilika katika wiki hizo ni mambo mawili. Kama ulikuwa unaosha kila siku kwa shampuu kali, nywele zako zilikuwa zimekaushwa kupita kiasi, na sasa zinapata nafuu. Na wewe mwenyewe unazoea.

Usiamini maneno yangu, pima. Siku 3 baada ya kuosha kwa njia yoyote unayotumia, tenga nywele utosini, bandika kipande cha tishu kwenye ngozi kwa sekunde 10 hivi, kisha kiangalie kwenye mwanga. Kikitoka na doa linalopitisha mwanga, ngozi yako ina mafuta ambayo maji hayakuyagusa. Kikitoka kikavu, nawe huna muwasho wala mba, maji yanaweza kukutosha kwa muda mrefu.

Kwa uzoefu wangu, wanaofaulu kwa maji ni watoto ambao hawajabalehe, watu wazima wenye ngozi kavu, na wenye nywele fupi wasiopaka chochote. Ukishaanza kupaka mafuta mazito, jeli au grisi ya kusukia, maji matupu hayana nafasi. Grisi haitoki kwa maji.

Sabuni ya kipande, na kwa nini siki ilipata sifa

Kabla ya miaka ya 1930, shampuu kwa sehemu kubwa ilikuwa ni sabuni tu iliyovalishwa jina. Mwaka 1903 Hans Schwarzkopf alianza kuuza shampuu ya unga mjini Berlin. Mwaka 1934 kampuni ya Procter & Gamble ilitoa Drene, shampuu iliyotengenezwa kwa kisafishaji cha kiwandani badala ya sabuni, na hapo ndipo njia zilipoachana.

Tofauti yao si ya jina. Sabuni ya kawaida ina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya 9 hadi 10. Ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5, na unywele wenyewe unatulia zaidi kwenye asidi kuliko hapo. Kila hatua 1 kwenye kipimo hicho ni mara 10, kwa hiyo umbali huo si mdogo. Unywele ukikutana na kitu cha namna hiyo unavimba, magamba yanainuka, nywele zinakwaruzana na kufungana. Pili, kama maji yako ni ya chumvichumvi, sabuni inashikana na kalsiamu na magnesiamu na kutengeneza utando mweupe, uleule unaouona pembeni ya beseni. Utando huo unabaki pia kichwani. Mtu anasuuza mara tatu, nywele bado nzito na hazina nuru.

Hapo ndipo siki ilipoingia. Watu walioosha kwa sabuni waligundua kwamba kusuuzia maji yenye siki kidogo au ndimu kunaondoa utando ule na kurudisha nywele kwenye utelezi. Walikuwa sahihi kabisa. Asidi inavunja utando wa sabuni na kulaza magamba. Ila faida hiyo ilihusu sabuni. Anayeosha kwa shampuu ya leo na kumalizia kwa siki anatibu ugonjwa asio nao, ingawa kijiko kimoja au viwili kwenye nusu lita ya maji havimdhuru mtu asiye na vidonda kichwani.

Kuna vipande vya shampuu vinavyofanana na sabuni lakini si sabuni. Usiviache kwa sababu ya umbo. Soma kiambato cha kwanza: kama ni mafuta yaliyochanganywa na magadi makali, hiyo ni sabuni, kama ni kisafishaji kilekile cha shampuu ya chupa, hiyo ni shampuu iliyokaushwa.

Bekingi soda: hii nawaomba muache

Alikuja dada mmoja, nywele zake ni za mawimbi, alizikuza kwa uangalifu mpaka zikafika mabegani. Alikuwa amesoma kwamba bekingi soda ni "shampuu ya asili", akaitumia kila wiki kwa miezi 4, akimalizia na siki. Mwanzoni, aliniambia, nywele zilikuwa safi ajabu, zinalia ukizipitisha vidole. Mlio ule ndio ulimdanganya. Unywele unaolia umevuliwa mafuta yote. Nilipozilowesha na kuanza kuchana kutoka nchani, chanuo lilijaa vipande vya urefu wa kidole. Havikung'oka. Vilikatika katikati.

Bekingi soda kwenye maji ina pH inayopita 8 kidogo, na chembe zake zisizoyeyuka vizuri zinasugua kama msasa laini. Ukiiweka kwenye unywele kila wiki, unainua magamba na kuyasugua hapohapo. Siki ya baadaye inayalaza magamba yaliyobaki, hairudishi yaliyobanduka. Na wale wanaochanganya soda na siki kwenye bakuli moja wanatengeneza povu zuri la kutazama tu, kwa sababu alkali na asidi zinamalizana zenyewe, kinachobaki ni maji yenye chumvi yake na gesi iliyokwisha kupaa.

Tulikata sehemu iliyoharibika. Hakukuwa na njia nyingine, na nilimwambia hivyo kabla sijashika mkasi. Kitu kuitwa cha asili hakikifanyi kuwa laini. Kati ya vyote ninavyolinganisha hapa, hiki pekee sioni kichwa kinachokihitaji.

Shampuu kali na shampuu laini

Ukikubali kwamba unahitaji shampuu, bado hujamaliza kuchagua. Visafishaji vya salfeti vinavyofupishwa SLS (sodium lauryl sulfate) vina nguvu kubwa ya kuondoa mafuta. Ndugu yake SLES (sodium laureth sulfate) ni mpole kiasi. Vile vinavyotokana na nazi vyenye neno "betaine" kwenye lebo huwekwa ili kupunguza ukali. Chupa iliyoandikwa kwamba haina salfeti mara nyingi ni laini zaidi, lakini si lazima, kwa sababu ukali unategemea mchanganyiko mzima na kiasi cha kila kimoja.

Ninavyoamua mimi ni hivi. Mwenye nywele za singa zenye mafuta, anayefanya mazoezi na kutoka jasho kila siku, SLES haimwonei. Mwenye nywele za kipilipili, zilizopakwa rangi au zilizowekwa dawa ya kunyoosha, namtafutia iliyo laini. Ila hata huyu wa pili, akifumua misuko iliyokaa wiki 6, naanza na shampuu yenye nguvu mara moja, kwa sababu kilichopo pale kwenye mashina ya nywele ni mchanganyiko wa grisi, vumbi na ngozi iliyokufa, wa rangi ya kijivu, unaoingia chini ya kucha kama udongo. Shampuu laini itauzunguka tu.

Povu lisikudanganye. Mafuta yanaua povu. Ndiyo maana mkono wa kwanza hautoi povu la maana na wa pili unatoa jingi kwa kiasi kilekile cha shampuu. Hilo linakusaidia: povu likijaa mara ya kwanza, kichwa hakikuwa kichafu sana, huna haja ya kurudia.

Kuhusu mara ngapi, hakuna namba ya watu wote. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, AAD, kinawaambia wenye nywele za singa zenye mafuta kwamba wanaweza kuosha hata kila siku, na wenye nywele kavu za kipilipili mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki 2. Nakubaliana nao. Ninachoongeza ni kwamba shampuu ipakwe kwenye ngozi, usugue ngozi, na povu linaloshuka wakati wa kusuuza linatosha kwa nywele zenyewe. Hizo nywele za miaka 2 na nusu hazihitaji kufikichwa kama nguo.

Mwenye mba hana uchaguzi mpana

Hapa ulinganisho unabadilika. Wale fangasi wa Malassezia wakila mafuta ya ngozi, wanaacha asidi za mafuta, hasa ya oleiki, ambazo kwa baadhi ya watu zinachokoza ngozi. Ngozi inajibu kwa kujimenya haraka, na hayo ndiyo magamba meupe yanayodondokea mabegani. Mba si uchafu wala aibu. Lakini pia si ukavu, ingawa inaonekana kama ukavu, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanaona ngozi inabanduka, wanapaka mafuta. Magamba yanalowa na kutoonekana kwa siku 2, huku fangasi wakiletewa chakula mezani.

Kwa mtu huyu maji matupu, kondishena pekee na mafuta si njia mbadala. Anahitaji shampuu ya dawa, yenye ketokonazoli, seleniamu salfaidi au zinki pirithioni, ipakwe ngozini na kuachwa kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuza. Wanaosema "niliitumia, haikunisaidia" huwa nawauliza waliiacha kwa muda gani, na jibu karibu kila mara ni kwamba walipaka na kusuuza papo hapo. Dawa haikupata muda wa kufanya kazi.

Kama kuna viraka vya mviringo visivyo na nywele, hasa kwa mtoto, hayo yanaweza kuwa mapunye, na mapunye hayaishi kwa shampuu peke yake. Yanahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Vivyo hivyo ngozi yenye usaha, vidonda, au nywele zinazotoka kwa mafungu. Mimi nikiona hivyo sioshi, naelekeza hospitali.

Kondishena inafanya nini ambacho shampuu haifanyi

Unywele uliolowa, hasa uliochakaa, una chaji hasi ya umeme. Viambato vikuu vya kondishena vina chaji chanya, kwa hiyo vinavutwa na kushika, na vinashika zaidi pale palipoharibika kwa sababu ndipo chaji hasi ilipo nyingi. Kwenye lebo utavitambua kwa kipande cha jina "trimonium". Huambatana na alkoholi za mafuta, ambazo licha ya jina lake hazikaushi, zinalainisha. Nyingi zina silikoni pia, majina yanayoishia na "cone". Vyote hivyo vinaacha utando mwembamba unaofanya nywele ziteleze zinapogusana.

Utelezi huo ndio faida yenyewe, na si ndogo. Unywele uliolowa unavutika kuliko mkavu na ni dhaifu zaidi. Ukipitisha kitana kwenye nywele zilizolowa zisizo na utelezi, kila fundo unalolivuta linakata kitu. Nimechana kichwa kimoja upande huu una kondishena na upande huu hauna, ili mwenyewe aone. Upande wenye kondishena chanuo lilipita kwa mkono mmoja. Upande wa pili nilishika nywele kwa mkono wa kushoto ili nisimuumize, na chini palikuwa na vipande vingi zaidi.

Sasa, nani aache? Mwenye nywele fupi za sentimita chache, ambazo hazijakaa muda wa kuchakaa na hazifungani, hahitaji kondishena. Mwenye nywele za singa nyembamba zenye mafuta anaweza kuiacha au kupaka nchani tu, la sivyo zitalala kama zimelowa. Wengine, yaani wenye nywele ndefu, za mawimbi, za kipilipili, zenye rangi, zilizonyooshwa kwa dawa au kwa moto, ningewaambia wakikosa pesa ya chupa mbili waitafute kwanza kondishena. Najua huo ni ushauri wa kinyume na ulivyozoeleka. Lakini kisafishaji unaweza kukitumia kidogo na kwa nadra. Utelezi wa kuchania unauhitaji kila unapolowesha.

Hilo linanileta kwa wanaoosha kwa kondishena pekee. Inawezekana, kwa sababu viambato vile vya chaji chanya vina uwezo mdogo wa kubeba mafuta. Kwa nywele za kipilipili kavu, kati ya shampuu moja na nyingine, ni njia nzuri. Kasoro yake ni ngozi. Baada ya wiki kadhaa utando unajijenga kwenye mashina ya nywele, muwasho unaanza, na nywele zinakataa maji. Anayeifuata njia hii asiache shampuu kabisa, aiweke mara moja kwa mwezi au mbili. Mwenye mba asiiguse.

Zile za mbili kwa moja, shampuu na kondishena ndani ya chupa moja, zinafanya kazi kweli: silikoni inashuka kwenye nywele pale maji ya kusuuza yanapoongezeka. Zinawatosha wenye nywele fupi. Kwa nywele za kipilipili utelezi wake ni hafifu mno.

Mafuta yanaweza kuchukua nafasi ya kondishena?

Kwa sehemu. Mafuta yanaleta utelezi na kupunguza msuguano, ila hayashiki kwenye unywele kwa chaji, na yakizidi yanakusanya vumbi. Kati ya mafuta yote, ya nazi yana sifa yake ya pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na ni ya nazi tu yaliyopunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Sababu ni asidi ya lauriki, ambayo chembe yake ni ndogo na imenyooka, kwa hiyo inapenya ndani ya unywele. Mengine yanabaki juu.

Kwa hiyo mimi siyaweki mafuta ya nazi mahali pa kondishena. Nayaweka kabla ya shampuu: unapaka kwenye nywele, ukiacha ngozi, saa chache au usiku mzima, kisha unaosha ngozi kwa shampuu na kumalizia na kondishena nchani kwa dakika 2 au 3. Mpangilio huo unafaa sana kwa nywele zilizopakwa rangi. Mayai na parachichi yanalainisha kwa mafuta yake, lakini protini ya yai ni kubwa mno haiwezi kuingia kwenye unywele, na kulisuuza ni kazi.

Ukitaka kujaribu

Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukipe wiki 4. Anayeacha shampuu, kubadili kondishena na kuanza mafuta mapya wiki moja hatajua kipi kilimsaidia na kipi kilimharibia. Kipimo cha ngozi ni ile tishu, pamoja na muwasho na magamba.

Kipimo cha nywele ni zile zinazobaki kwenye chanuo. Kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida, na ukiwa umefumua misuko ya wiki kadhaa utaona fungu zima kwa mara moja, kwa hiyo wingi peke yake usikutishe. Ziweke kwenye karatasi nyeusi, moja moja. Yenye kidoto cheupe upande mmoja imetoka na mzizi wake, muda wake ulikuwa umefika. Fupi isiyo na kidoto imekatika. Zikizidi za kwanza kuliko ulivyozoea, angalia afya yako na ngozi ya kichwa. Zikizidi za pili, ongeza kondishena na uchane taratibu kuanzia nchani, kabla hujafikiria kubadili shampuu.